Unataka kuwa daktari wa kuzuia kansa huku Nyanda za Juu Kusini? Anza na daftari

Kila mwaka matokeo ya form six yakitoka simu yangu haipumziki. Wadogo zangu wa Tukuyu, Mbalizi, Mafinga, wengine hata sijui namba wametoa wapi, wote swali moja, dokta nataka nisome udaktari alafu nije kuwa wa kansa. Nikiuliza wa kansa wa kutibu au wa kuzuia, kimya. Wengi hawajui kabisa kama kuna daktari ambaye kazi yake ni kuhakikisha mtu hafiki kitandani, basi naanza kueleza mpaka salio linakata, kesho anapiga mwingine naanza upya. Kwahiyo leo naandika yote hapa, atakayepiga namtumia hii.

Mimi sio profesa. Nimefanya kazi za halmashauri miaka kumi na kitu, wilaya mbili za huku kwetu, moja ya baridi moja ya joto, katikati nikaenda kusoma masta nikarudi, na bado nipo. Nitakayosema ni ya mtu aliyesukuma gari kwenye matope ya masika, kama unataka ya kitabuni chuoni utayakuta.

Ujue kwanza unaingia kwenye nini

Daktari wa wodini mgonjwa anamfuata mwenyewe, akipona anarudi na kuku au parachichi debe zima na jina la dokta linatajwa kwenye ushuhuda kanisani. Wewe wa kinga kuku sahau. Mama uliyemwondolea madoa kwenye shingo ya kizazi leo, madoa ambayo yangeachwa yangeweza kuja kuwa kansa baada ya miaka 15 au 20, hatajua kamwe kwamba angeumwa. Atakachokumbuka ni kwamba ulimchelewesha kwenda shamba. Kama wewe ni mtu wa kuhitaji asante ndo uamke asubuhi nenda kasomee upasuaji, nasema kwa upendo kabisa.

Mimi hesabu zake ndo zilinivuta. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya kansa zinaweza kuzuilika. Hapa Tanzania kwa wanawake inayoongoza ni ya shingo ya kizazi, makadirio ya IARC, lile shirika la utafiti wa kansa lenye makao Lyon kule Ufaransa, ni wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na hii ni kansa ambayo chanzo tunakijua, ni kirusi cha HPV, Harald zur Hausen alipewa Nobel mwaka 2008 kwa kulionyesha hilo, chanjo ipo, kipimo kipo, na kuchoma madoa kabla hayajageuka ni kitu cha dakika moja. Alafu pamoja na yote hayo mama anatoka huku damu zinamtoka anapanda basi alfajiri stendi kwenda Ocean Road, ile taasisi ya kansa ya Dar es Salaam, kupigwa mionzi, kutoka Mbeya mjini tu ni kilomita zaidi ya 800, amekaa kwenye kanga aliyokunja mara nne. Ukishasafiri na mtu wa namna hiyo siti moja huwezi kusahau.

Shule, hii haraka haraka

Form five chukua PCB. Digrii ya udaktari miaka 5, alafu utarajali mwaka mmoja, alafu usajili Baraza la Madaktari Tanganyika. Vyuo vipo, Muhimbili, Bugando, KCMC, Dodoma, na huku nyumbani kuna ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hapa hapa Mbeya, kwahiyo habari ya kwamba udaktari lazima uende pwani imeshaisha. Kimoja tu nikuambie kuhusu chuo. Kuna somo la afya ya jamii, sisi tulikuwa tunaliita somo la vyoo, watu wanasaini mahudhurio wanalala, wakiamini udaktari wenyewe upo wodini. Usilale. Mimi nililala, na nilikuja kulipia, maana siku ya kwanza nimepewa takwimu za wilaya nizielezee mbele ya Mganga Mkuu sikujua hata namba ya chini ya mstari kwenye asilimia inatoka wapi, nikasema tumefikia asilimia 130 ya wanawake wote, watu wakanitazama tu.

Kwenye utarajali usikimbie kitengo cha wazazi. Jifunze kuweka spekulamu, kile kifaa cha kufungua njia ili uone shingo ya kizazi, mpaka mama asishtuke, na usijifunze kwa daktari mwenzako, jifunze kwa nesi wa miaka hamsini na kitu wa kliniki ya mama na mtoto. Yeye ana maneno yake, anamwambia mama "haya mwanangu, legeza magoti kama unalala, niambie huko kwenu mahindi yamefikia wapi", mama anaanza kueleza habari ya mahindi, kazi imeisha. Hicho kitu hamna chuo kinafundisha.

Nenda wilayani kabla ya masta

Vijana wengi wakitoka utarajali wanataka masta hapo hapo. Nakushauri kaa wilayani miaka miwili mitatu kwanza. Sababu ni kwamba kinga haifanyiki hospitali kubwa, inafanyika zahanati, na inaendeshwa na halmashauri, usipojua halmashauri inavyotembea utaandika mapendekezo mazuri yatakayokaa kabatini.

Wajue watu watano. Mganga Mkuu wa wilaya. Mratibu wa afya ya uzazi na mtoto, huyu ndo mtu wako wa kila siku, mara nyingi ni nesi na anaijua wilaya kuliko wewe utakavyokuja kuijua. Mratibu wa chanjo, mwenye majokofu. Mfamasia. Na mhasibu, usicheke, mhasibu. Kila mwaka halmashauri inaandika mpango wake wa afya na bajeti, mwaka wa fedha unaanza Julai lakini mpango unaandikwa miezi kadhaa kabla, na kama siki, pamba, glavu na mafuta ya gari ya uchunguzi havimo kwenye ule mpango basi havipo duniani. Mwaka wangu wa kwanza nilienda kuomba mafuta mwezi wa tisa nikaambiwa dokta ungekuja mwezi wa kwanza. Nikadhani ni roho mbaya kumbe ndo utaratibu.

Na ijue ardhi yako. Kansa haifanani kila mahali na huku kwetu tuna mambo yetu. La kwanza ni UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchi nzima ni asilimia 4.4, lakini Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mwanamke mwenye VVU hatari yake ya kansa ya shingo ya kizazi ni kama mara 6 ya asiye nayo, na ile safari ya miaka 15 au 20 kwake inaweza kuwa 5 mpaka 10. Kwahiyo kama una nguvu ya kuanzia sehemu moja tu anzia CTC, yaani kliniki ya VVU, wale akina mama wanakuja wenyewe kuchukua dawa, wana kadi, wana tarehe, huna haja ya kuwatangazia kwa spika.

Alafu kuna tumbaku, huku hatuvuti tu, wengine tunailima, ukienda Chunya kuhubiri habari ya sigara kumbuka ada ya mtoto wa anayekusikiliza imetoka kwenye jani hilo hilo. Kuna ulanzi Iringa na Njombe, pombe IARC wameiweka kundi la kwanza kabisa la visababishi vya kansa pamoja na tumbaku, sasa mwambie mzee wa Kihehe saa nne asubuhi ana kibuyu mkononi, kwanza msalimie kamwene, kaa, ongea habari ya mianzi, ulanzi utakuja mwenyewe. Kuna mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu zikaota ukungu, ile sumukuvu, inaharibu ini, na ikikutana na homa ya ini B ndo balaa, ndo maana ile chanjo ya mtoto ya wiki 6, 10 na 14 ukiwa mratibu unaihesabu kama chanjo ya kansa pia, japo kwenye kadi haijaandikwa hivyo. Kuna moshi wa kuni kwenye majiko ya sehemu za baridi ambayo hayana dirisha. Kuna chai inayonywewa ikiwa bado inachemka, juu ya nyuzi 65 IARC wanasema huenda inasababisha kansa ya koo la chakula, na baridi ya Makete mwezi wa saba nani atasubiri chai ipoe. Na ndugu zetu wenye ualbino, kofia pana na mikono mirefu na mafuta ya jua, hii wengi wanaisahau kwasababu ni baridi, wanadhani hamna jua. Jua lipo, tena huku juu milimani linachoma zaidi.

Nikiwa napenda kumsimulia intern mmoja kitu kimoja tu cha historia namsimulia Burkitt. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Uganda, akaona uvimbe wa taya kwa watoto, badala ya kuendelea kukata tu mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakachukua gari kuukuu wakazunguka maili kama 10,000 kushuka mpaka kusini mwa Afrika, hospitali zaidi ya 50, wanauliza swali moja, uvimbe huu mnauona? Na wakagundua sehemu za juu zenye baridi hauonekani, za chini zenye joto na mvua unaonekana. Mtu wa huku anaelewa hapo hapo, ni kama Kyela na Makete, ukishuka huku chini kwenye mpunga na mbu ni dunia nyingine. Leo tunajua ni kirusi cha Epstein-Barr pamoja na malaria. Yule bwana hakuwa na kompyuta, alikuwa na gari, ramani na swali moja.

Siku ya uchunguzi, hapa ndo kazi yenyewe

Nitakaa hapa kidogo kwasababu hapa ndo niliharibu.

Kipimo tunachotumia zaidi ni cha siki. Unaweka spekulamu, unasafisha, unapaka asidi ya siki ya asilimia 3 mpaka 5 kwenye shingo ya kizazi, unasubiri dakika moja kamili kwa saa, sio kwa kukisia, alafu unaangalia kwa taa nzuri. Eneo lenye shida linageuka jeupe, jeupe zito lenye kingo zinazoonekana, limegusa ule mstari ambapo rangi mbili zinakutana. Weupe mwepesi uliotawanyika ukifutika haraka usimtishe mama. Kama doa limefunika chini ya robo tatu ya shingo, halijaingia ndani ya mfereji na hamna dalili ya kansa unaweza kutibu hapo hapo, kwa kugandisha kwa gesi au kwa kichomeo cha joto cha nyuzi kama 100, hiki cha kisasa kinatumia betri na unakibeba kwenye begi. Ukiona kama ua la kabichi, inatoa damu ukigusa, usichome. Hiyo ni rufaa na kinyama cha maabara, tena wewe mwenyewe upige simu kule anakoenda.

Walengwa wakuu ni miaka 30 mpaka 50, wenye VVU wanaanza mapema. Sasa utakuja kuona foleni ina bibi wa miaka 68 amevaa gauni la kanisani, ametembea saa mbili. Kipimo cha siki kwake hakifai kwasababu ule mstari umesharudi ndani huwezi kuuona, ukimwambia yuko safi umemdanganya. Ila usimrudishe. Muulize tu, bibi, tangu uache kwenda mwezini umewahi kuona damu tena? Akisema ndiyo huyo ndo mtu wa kwanza kwenye gari la rufaa. Nilimpata mmoja hivyo, alikuja kwa ajili ya kumsindikiza mkwe.

Sasa kosa langu. Mwaka wa pili kazini tulitangaza siku ya uchunguzi kwenye kituo kimoja, sitakitaja, tukapeleka spika, mchungaji akatangaza, wakaja wanawake sitini na kitu, nilijiona kama nimeshinda uchaguzi. Tukapata saba wenye madoa. Tukaenda kuwasha mashine ya kugandisha, gesi hamna. Mtungi ulikuwa mtupu na mimi ndo nilikuwa nimesaini kwamba vifaa vimekamilika, sikuufungua, niliutazama tu nikasaini. Tukawaambia warudi Jumatano ijayo. Jumatano walirudi watatu. Wanne hawakurudi, kwenye rejista tuliandika jina moja la mtu na jina la kijiji, kijiji chenye watu elfu tatu. Niliwatafuta, nikapata watatu kwa taabu. Wa nne sikumpata. Alikuja mwenyewe baada ya miaka sita, alikuwa CTC ya wilaya nyingine, na sikuhitaji siki kujua ana nini, nilijua kwa harufu nikiwa mlangoni. Akaniambia, dokta mlisema Jumatano, Jumatano ile mtoto alikuwa anaumwa.

Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vya Wilson na Jungner vya kuanzisha uchunguzi wa ugonjwa, na kimoja kinasema tiba iwepo. Nilikariri chuoni nikapata alama. Kukariri na kufungua mtungi ni vitu viwili.

Kwahiyo fanya hivi. Usitangaze siku ya uchunguzi mpaka umeshika tiba kwa mkono wako, betri imechajiwa na umeiona inawaka. Usipange siku ya mnada, wala msimu wa kuvuna kahawa Mbozi, wala wiki ya kupanda viazi kule Njombe, muulize mtendaji wa kijiji, na ukishamuuliza mtendaji muulize na mwenyekiti wa akina mama maana wanajibu tofauti. Pazia liwe zito na mlango ufungwe kwa ndani. Anayepima awe nesi mwanamke ikiwezekana, wewe daktari kaa nyuma usimamie na uangalie ubora. Ubora unauangaliaje? Kwa kawaida kati ya wanawake 100 wa umri huo 5 mpaka 10 watakuwa na madoa, kliniki ya VVU zaidi. Zahanati ikikuletea sifuri miezi mitatu mfululizo usiwapongeze, nenda kaangalie taa yao. Mara nyingi wanatumia tochi ya simu. Na ikikuletea 40 kati ya 100, huyo naye anaona weupe kila mahali, akae na nesi mzoefu wiki moja.

Kitu kipya ambacho wewe unayeanza sasa utakitumia kuliko mimi ni kipimo cha HPV chenyewe, tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwe ndo cha kwanza, na mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia, hamna spekulamu. Zile mashine za GeneXpert ambazo hospitali zinatumia kwa TB zinaweza kupima HPV ukipata katriji zake. Ila ujue kinaleta tatizo lile lile kwa mlango mwingine, jibu likichelewa kutoka mama ameshaenda nyumbani, na wewe una namba ya simu iliyozimwa.

Waume, wachungaji na habari ya kufunga uzazi

Baada ya kutibiwa mama anatakiwa akae bila kukutana na mume wiki 4 mpaka 6. Hili ukimwambia mama peke yake umempa mzigo, anafika nyumbani anamwambiaje. Mimi siku hizi namwambia nesi aulize, mama, baba nyumbani nimpigie mimi au utamwambia wewe? Wengi wanasema mpigie wewe. Nampigia, namsalimia shikamoo kama ni mkubwa, namwambia mzee mama amepata matibabu madogo ili asije kuumwa ugonjwa mkubwa, tunaomba umtunze mwezi mmoja na nusu, wanakubali zaidi ya unavyofikiri. Wanaume tunawasingizia sana, wengi hamna aliyewahi kuwaeleza.

Chanjo ya HPV nchi nzima ilianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14, ilikuwa dozi mbili, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wa miaka 9 mpaka 14. Lengo la dunia ni kwamba ikifika 2030 wasichana 90 kwa 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza 15, wanawake 70 kwa 100 wamepimwa wakiwa na miaka 35 na tena 45, na 90 kwa 100 ya wenye shida wametibiwa. Utakutana na maneno ya kwamba inafunga uzazi. Usitoe mhadhara. Wale wa 2018 wa miaka 14 sahivi wameshakuwa watu wazima, wengine wana watoto mgongoni, mtafute mmoja wa kijiji hicho hicho, mama yake yupo, mtoto yupo, akae tu mbele ya kikao na mtoto wake ananyonya. Mimi nimeshawahi kwenda na slaidi na projekta kijiji ambacho umeme ulikatika, yule binti ndo alituokoa, hakusema hata dakika mbili.

Sasa ndo masta

Ukishakaa wilayani utajua unataka kusoma nini. Njia ni mbili. Kuna masta ya afya ya jamii, na kuna ya kibingwa ya miaka mitatu, afya ya jamii au ya kansa yenyewe kwa anayetaka na kutibu, Muhimbili zote zipo. Mtu anayetafuta mfano aangalie Dokta Julius Mwaiselage, aliwahi kuongoza huduma za kinga pale Ocean Road ndo akaja kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa taasisi nzima, kwahiyo asikudanganye mtu kwamba kinga ni kona ya walioshindwa. Kwa utafiti huna haja ya kuhama, NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wana kituo Mbeya, wamefanya kazi za UKIMWI na TB miaka mingi pamoja na HPV, nenda kaombe hata kazi ya kusimamia dodoso, utajifunza jinsi data inavyoharibika.

Jifunze takwimu kwelikweli, na programu zake za kompyuta, Stata au R, R ni bure. Na jifunze mtego mmoja ambao unawanasa wakubwa. Ukipima watu mapema wataonekana wanaishi na kansa miaka mingi zaidi, kumbe wakati mwingine kinachoongezeka ni miaka ya kujua tu, siku ya kufa ni ile ile. Kwahiyo mtu akija na mashine yake ya kupima kansa zote kwa tone moja la damu, na watakuja, wanapenda sana kuja na suti, usimuulize inagundua wangapi. Muulize imepunguza vifo vya wangapi, alafu mkaribishe chai.

Hela. Nitasema ukweli kwasababu mtaniuliza. Mwenzako wa upasuaji ana kliniki yake ya jioni mjini, wewe huna, hamna mtu anakuja saa kumi na mbili jioni kulipia asiumwe. Utaishi kwa mshahara na miradi, na miradi ina posho za semina, na posho zina utamu wake, nimeona madaktari wazuri kabisa wamegeuka wa kuhudhuria, Jumatatu Morogoro Alhamisi Dodoma, ukimuuliza wilayani kwake wangapi walipata madoa mwezi uliopita hajui. Kubali semina, lakini ukirudi pita kwanza kwenye rejista ndo uende nyumbani.

Daftari

Rejista ya serikali ijaze, ni lazima, na ripoti iingie kwenye mfumo kwa wakati. Ila pembeni uwe na daftari lako, la jalada gumu, la watu wenye madoa ambao hawajamaliza tiba, hao tu. Likae kabatini kwa kufuli, ni siri za watu. Na kwenye kila mstari usiandike jina na kijiji kama nilivyofanya mimi. Andika majina matatu. Andika anaitwa mama nani, maana kijijini jina la ubatizo halijulikani, na usiishie hapo kwasababu mama Tumaini watakuwa wanne. Andika kitongoji na balozi wake. Andika namba yake na namba ya mtu ambaye simu yake huwa inakuwa na chaji, na umuulize mama huyo mtu tukimpigia tuseme sisi ni nani, wengine wana VVU na hawajasema nyumbani. Andika analima wapi kipindi cha kilimo, watu wa huku wana mashamba mawili, la juu na la bondeni, na miezi mitatu hawapo kabisa nyumbani.

Alafu andika anasali wapi na kama anaimba. Hii niliiongeza mwenyewe baada ya kumtafuta mmoja wa wale wanne. Kijijini hakuna aliyejua ninamwongelea nani, balozi amesafiri, nimeshakata tamaa nageuza pikipiki, nikasikia kwaya inafanya mazoezi kanisani Alhamisi jioni, nikaingia kusalimia tu nipate joto. Alikuwa mstari wa pili, sauti ya tatu. Nikasubiri wamalize wimbo.